Mwenyekiti aliyebaki nje ya orodha: kisa cha Ithaca, 1906

Jumanne ya tarehe 4 Desemba 1906, katika mji mdogo wa Ithaca, jimbo la New York, wanafunzi wachache Weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell walikaa kikao bila mwenyekiti wao. Ajenda ilikuwa moja, na walikuwa wameivuta huku na kule kwa wiki kadhaa: wabaki kikundi cha kusoma na kujadiliana kama walivyoanza, au wageuke kuwa chama cha udugu chenye kiapo, siri na jina la herufi za Kigiriki, kama walivyokuwa navyo wanafunzi weupe pale chuoni. Mwenyekiti wao, Charles Cardoza Poindexter, udugu alikuwa hautaki. Hakutokea. Waliokuwepo wakapitisha hoja, na Alpha Phi Alpha ikazaliwa.

Leo chama hicho kinahesabu waanzilishi saba, na wanachama huwaita Vito Saba: Henry Arthur Callis, Charles Henry Chapman, Eugene Kinckle Jones, George Biddle Kelley, Nathaniel Allison Murray, Robert Harold Ogle na Vertner Woodson Tandy. Poindexter hayumo. Mtu aliyewakusanya, aliyewapa chumba cha kukalia na aliyeongoza vikao vyao vya mwanzo, hayumo. Na katika hao saba yumo mmoja aliyeingia baadaye kwa mlango wa wageni, akala kiapo mbele ya wenzake waliomtangulia.

Orodha kama hiyo haikujiandika. Kuna watu walioamua nani ahesabiwe, na uamuzi huo una mantiki yake. Ndiyo ninayotaka kuifuata hapa.

Kwanza, kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na vyama hivi. Aliyesoma Dar es Salaam, Makerere au Nairobi anajua chama cha wanafunzi wa mkoa wake, kwaya, au kikundi cha dini. Udugu wa Kimarekani ni kitu kingine. Chukua chama cha kufa na kuzikana, uchanganye na jando: unaingizwa kwa sherehe ambayo asiyekuwa ndani haambiwi, unapewa ishara na rangi zako, na ukishaingia hutoki hata baada ya kumaliza chuo. Mwanachama mwenye miaka sabini bado ni ndugu, analipa ada, anahudhuria, na siku akifa wenzake humfanyia ibada yao. Wanafunzi weupe walikuwa na vyama vya namna hii tangu karne ya 19, vingine vikiwa na majumba makubwa vilevile. Mweusi aliyeingia katika majumba hayo mara nyingi aliingilia mlango wa jikoni. Baadhi ya wanafunzi Weusi wa Cornell walijilipia masomo kwa kufanya kazi humo, na walichojifunza kuhusu udugu walijifunza wakiwa wamebeba sinia.

Tatizo halikuwa kuingia chuoni

Ezra Cornell alipoanzisha chuo chake mwaka 1865 alisema wazi kwamba anataka mtu yeyote aweze kusoma somo lolote pale. Kwa hiyo Weusi walipokelewa. Mwaka 1905 Jessie Fauset, binti Mweusi, alihitimu pale kwa heshima za juu za kitaaluma. Baadaye angekuwa mhariri na mwandishi anayejulikana. Mlango ulikuwa wazi, kwa maana hiyo.

Kazi ilikuwa kubaki. Wanafunzi sita Weusi waliokuwepo mwaka wa masomo 1904 hadi 1905 hawakurudi mwaka uliofuata. Katika chuo chenye maelfu ya wanafunzi sita ni namba ndogo, lakini kwa waliobaki, ambao ungeweza kuwahesabu wote wakiwa mezani, ilikuwa kama nusu ya familia kuhama usiku. Chuo kiko juu ya kilima, kinaangalia Ziwa Cayuga. Wanafunzi Weusi walipanga vyumba chini mjini, kwa familia za Weusi. Asubuhi unapanda kilima kwenda darasani ambako huenda uko peke yako wa rangi yako; jioni unashuka kwenda kufanya kibarua, kisha unakaa na vitabu. Hakuna aliyekuzuia kusoma. Ila hakuna pia aliyekuuliza kama umekula, wala mwenzako wa mwaka wa juu wa kukunong'oneza mtihani wa profesa fulani unakwendaje. Wanafunzi weupe mambo hayo waliyapata kwenye vyama vyao.

Na hewa ya nchi wakati ule ilikuwa nzito. Septemba 1906 makundi ya wazungu yaliwashambulia na kuwaua Weusi mitaani Atlanta. Mwezi Novemba, wiki chache tu kabla ya kikao chetu, Rais Theodore Roosevelt aliamuru askari Weusi 167 wafukuzwe jeshini kwa sababu ya kisa cha Brownsville, Texas, walikotuhumiwa kufyatua risasi mjini, bila hata mmoja wao kusimamishwa mbele ya mahakama. Kijana wa miaka ishirini aliyesoma habari hiyo gazetini alielewa kwamba hata sare ya taifa haimkingi. Cheti cha chuo kingemkinga?

Chumba cha mtaa wa Albany

Poindexter alikuwa mkubwa wao kiumri na kimasomo. Alikwisha kupata shahada Ohio State, na Cornell alikuwa akisomea shahada ya juu katika kilimo. Mwaka wa masomo 1905 hadi 1906 aliwaita wenzake, kama kumi na tano hivi, wakawa wanakutana kila baada ya wiki mbili katika nyumba namba 421, North Albany Street, alikopanga. Wanasoma, wanajadiliana, wanakunywa chai, wanafahamiana. Na kundi hilo lilikuwa na wanawake ndani yake. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Ukiangalia lile tatizo la wanafunzi sita, dawa ya kwanza ilikuwa hii hapa. Poindexter aliliona na akalifanyia kazi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wakati huo Ogle alikuwa amesoma katika gazeti la Chicago Defender kwamba huko Ohio State wanafunzi Weusi wameanzisha udugu wao uitwao Pi Gamma Omicron. Akaandika barua Ohio kuuliza habari zake. Jibu likarudi kwamba chuo hakikitambui chama cha namna hiyo. Nadhani barua hii ina uzito kuliko hotuba nyingi zilizotolewa baadaye kuhusu waanzilishi. Kijana kaona mfano gazetini, kaufuatilia, kaambiwa mfano wenyewe haupo. Mtu mwingine angekunja barua yake na kurudi kwenye masomo. Ogle, Murray na Kelley walielewa kinyume: kama haupo, basi itabidi tuwe sisi.

Kulikuwa na udugu mmoja wa Weusi, Sigma Pi Phi, ulioanzishwa Philadelphia mwaka 1904, lakini ule ulikuwa wa madaktari na watu waliokwisha kufika. Kijana anayetafuta kodi ya chumba hakuwa na nafasi humo.

Hoja ya Poindexter isikilizwe

Tarehe 23 Oktoba 1906 Kelley alipendekeza jina Alpha Phi Alpha, na Ogle akapendekeza rangi: nyeusi na dhahabu iliyokolea. Mwisho wa mwezi huohuo wakafanya sherehe ya kuingiza wanachama wapya, Eugene Kinckle Jones akiwa mmoja wao. Kwa hiyo kufika Desemba kitu kilikuwa kimekwisha kuota mizizi. Kilichobaki ni kukiita kwa jina lake.

Poindexter alipinga. Alichosema, kwa kifupi, ni kwamba udugu ni jambo la watu wenye historia na mila ya mambo hayo nyuma yao, na Weusi wa Marekani, miaka arobaini tu baada ya utumwa, hawajafika hapo. Chama cha kusoma kinatosha. Wengi wanaosimulia kisa hiki humpitia haraka, kana kwamba alikuwa mwoga au mtu wa kujidharau. Mimi namwona tofauti kidogo. Alikuwa anauliza swali ambalo hata leo halijaisha: kwa nini tuige? Kama mzungu amekufungia mlango wa nyumba yake, unajenga nyumba ileile, yenye mlango uleule wa kufungia wengine? Sijui kama alilipanga kichwani mwake kwa maneno hayo. Lakini swali limo ndani ya upinzani wake.

Na mlango ulifungwa kweli. Chama kilipogeuka kuwa udugu, wanawake waliokuwa wakikaa nao mtaa wa Albany wakabaki nje kwa tafsiri ya neno lenyewe. Udugu ule ulikuwa wa kiume. Januari 1908 wanawake wa Chuo Kikuu cha Howard walianzisha chama chao, Alpha Kappa Alpha, na kikawa kikubwa. Lakini wale mabinti wachache wa Ithaca hawakuwa Howard. Katika masimulizi ya sherehe za Desemba kila mwaka, gharama hii haitajwi sana.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja, na ndio ulioshinda. Chama cha kusoma kinakufa mwenye chumba akihama. Poindexter mwenyewe alikuwa mtu wa shahada ya juu. Angemaliza na kuondoka, na nani angewaita watu North Albany Street? Udugu una kiapo. Una katiba, una katibu wa kuandika na mweka hazina wa kutunza senti, na una matawi. Hauhitaji mtu mmoja mwenye moyo wa kuwakaribisha wenzake. Vijana wa Desemba hawakuwa na maneno ya kitaalamu ya kulieleza jambo hili, lakini walikuwa wamewaona sita wakitoweka, na walitaka kitu kisichotoweka.

Poindexter akajitoa. Kelley akawa rais wa kwanza, Ogle katibu, Tandy mweka hazina.

Walichofanya baadaye

Mtihani wa uamuzi ule ulikuja upesi. Kabla mwaka 1907 haujaisha chama kilikuwa na tawi la pili Howard, Washington, na la tatu Virginia Union, Richmond. Hapa tunyooshe jambo linalochanganywa mara kwa mara: vyama hivi vinahusishwa na vyuo vya kihistoria vya Weusi, yaani vilivyoanzishwa kwa ajili yao, kama Howard, na huko ndiko vilikonawiri, lakini hiki cha kwanza kilizaliwa katika chuo cha wazungu, kwa sababu ya upweke wa chuo cha wazungu, kisha kikapelekwa nyumbani.

Aliyekipeleka ni Eugene Kinckle Jones. Baba yake, Joseph Endom Jones, alizaliwa mtumwa akaja kuwa mwalimu katika chuo hichohicho cha Virginia Union, ambako Eugene alisoma kabla ya kwenda Cornell kuchukua shahada ya pili. Alirudi Richmond kama mtoto wa nyumbani mwenye habari mpya mfukoni. Baadaye aliingia National Urban League, taasisi ya kuwasaidia Weusi mijini, akaiongoza kwa zaidi ya miaka ishirini hadi 1940. Hii ni miaka ambayo Weusi kwa mamia ya maelfu walikuwa wakihama mashamba ya kusini kwenda viwanda vya Chicago, Detroit na New York. Wakiteremka kwenye treni walihitaji kazi, chumba, na mtu wa kuwaeleza mji unavyokwenda. Soma tena sentensi hiyo, kisha kumbuka mwanafunzi anayeshuka kilima cha Ithaca jioni. Ni tatizo lilelile, limekuzwa mara elfu. Jones alikuwa amelifanyia mazoezi akiwa mwanafunzi. Mwaka 1923 taasisi yake ilianzisha jarida la Opportunity, na mwaka 1933 aliitwa Washington kuwa mshauri katika Wizara ya Biashara chini ya Franklin Roosevelt.

Vertner Tandy ndiye ninayempenda zaidi katika hawa, labda kwa sababu kazi yake unaweza kuiegemea kwa mgongo. Baba yake alikuwa fundi mjenzi huko Lexington, Kentucky. Tandy akawa Mweusi wa kwanza kusajiliwa kuwa msanifu majengo katika jimbo la New York. Yeye na mwenzake George Washington Foster walichora Kanisa la St. Philip's lililoko Harlem, mtaa wa West 134th, la matofali, lililokamilika mwaka 1911. Halafu Madam C. J. Walker, mwanamke aliyetajirika kwa kuuza dawa za nywele, akamwita amchoree nyumba Irvington, kando ya Mto Hudson, katikati ya majumba ya matajiri wakubwa wa New York. Vyumba 34, nguzo nyeupe mbele, na haikujengwa uchochoroni. Ilijengwa ambapo anayepita barabarani ataiona apende asipende. Mwimbaji Enrico Caruso aliipa jina Villa Lewaro kwa kuunganisha silabi za jina la binti wa mwenye nyumba, A'Lelia Walker Robinson. Ilikamilika mwaka 1918. Madam Walker aliishi humo mwaka mmoja tu, akafa 1919. Nyumba bado imesimama.

Henry Callis akawa daktari baada ya kuhitimu Rush Medical College, Chicago, mwaka 1921, akafundisha Howard. Ni yeye peke yake katika saba aliyewahi kuwa rais wa chama kitaifa, mwaka 1915. Kwa muda mfupi alikuwa pia mume wa mwandishi Alice Dunbar, mjane wa mshairi Paul Laurence Dunbar, ndoa waliyoifanya kwa siri mwaka 1910 na haikudumu. Kelley akawa mhandisi, Mweusi wa kwanza kusajiliwa katika taaluma hiyo jimboni New York, akafanya kazi kwenye mfereji wa meli wa jimbo hilo. Murray alifundisha katika sekondari ya ufundi ya Armstrong, Washington. Chapman alifundisha kilimo katika chuo cha Weusi huko Tallahassee, Florida, akatangulia wenzake wote kufariki, mwaka 1934. Ogle, yule wa barua ya Ohio, alifanya kazi na kamati ya matumizi ya Seneti ya Marekani. Walimu, mhandisi, mtumishi wa kamati. Ukiondoa wawili watatu, ni maisha ya watu wa kawaida waliosoma, na naona hilo ndilo walilolitaka: kwamba Mweusi kumaliza chuo na kufanya kazi yake liwe jambo la kawaida.

Chama chenyewe kilikua kupita wao. Mwaka 1935 mawakili wawili wanachama, Charles Hamilton Houston na Thurgood Marshall, walimtetea Donald Gaines Murray (tusimchanganye na Nathaniel) mpaka Chuo Kikuu cha Maryland kikalazimika kumpokea katika shule yake ya sheria. Chama kilikuwa nyuma ya kesi hiyo tangu mwanzo wake. Sanamu ya Martin Luther King iliyofunguliwa Washington mwaka 2011 ilianza kama wazo la wanachama hawa, na Bunge la Marekani liliwapa idhini mwaka 1996. Kuna upande mchungu pia. Jando la siri huzaa mateso, na mateso hayo yameumiza wanafunzi katika vyama vingi vya aina hii, vya weupe na Weusi. Mwaka 1990 vyama vya Weusi vilikubaliana kufuta rasmi kile kipindi cha majaribio cha kuwachezea wageni kabla ya kuwapokea, na tabia haikwisha kwa tangazo.

Nani ahesabiwe

Turudi kwenye orodha. Kama kigezo ni nani alianza, Poindexter ni wa kwanza, hakuna ubishi. Kama ni nani aliyekuwepo siku hoja inapita, yeye anaanguka. Lakini Jones anaharibu hesabu zote mbili. Hakuwa katika waliolianzisha wazo. Aliingizwa mwisho wa Oktoba 1906 kama mwanachama mpya, jambo ambalo kwa kawaida humfanya mtu kuwa zao la chama, si mzazi wake. Hilo lilibishaniwa ndani ya chama kwa miongo, na watu waliokuwa wakipendana walilibishania.

Ninavyolisoma mimi, kigezo kilichokuja kushinda ni kingine: nani alikibeba. Jones alikibeba mpaka Howard na Richmond wakati bado ni chama cha chumba kimoja. Kwa kipimo hicho Poindexter hawezi kuingia, kwa sababu alikataa mzigo kwa hiari yake na kwa hoja. Hilo ni haki, ingawa ni haki yenye mkono mgumu. Wanahistoria wa chama wanamkubali kuwa aliyetangulia, na wanakiri kwamba bila yeye huenda kusingekuwa na kikao chochote cha kuhudhuria. Ila kito hakupewa. Sidhani angekivaa.

Jones alithibitishwa kuwa mwanzilishi mwaka 1952, miaka 46 baada ya kikao cha Ithaca. Mwaka huohuo, huko Boston, mwanafunzi wa shahada ya juu katika teolojia, Martin Luther King, alikula kiapo cha chama katika tawi la Sigma. Jones alifariki Januari 1954. Callis, wa mwisho katika wale saba, alifuata mwaka 1974.